Cheti Kinachosomwa Mara Mbili: Kujiandaa kwa Chuo cha Uuguzi na Kulinda Wastani Wako



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, wapo wanafunzi wa Kinondoni, Ubungo na Temeke wanaofurahia daraja la tatu, kisha baada ya wiki chache wanagundua kwamba chuo cha uuguzi hakiwezi kuwapokea. Wapo pia wenye daraja la nne ambao milango iko wazi kwao. Jambo hili huwashangaza wazazi wengi, lakini halina muujiza wowote. Linatokana na namna cheti chako kinavyosomwa.

Sura hii ni ya mwanafunzi anayetaka kuwa muuguzi au mkunga. Inaeleza sifa zinazotakiwa, sababu ya masomo fulani kupewa uzito, namna ya kupanga marudio katika miezi iliyobaki, na jinsi wastani wa alama unavyopatikana na kulindwa ukishafika chuoni. Shika wazo moja tangu mwanzo: cheti chako cha kidato cha nne kitasomwa mara mbili. Mara ya kwanza ni unapoomba chuo cha kati. Mara ya pili ni miaka kadhaa baadaye, unapotaka kwenda chuo kikuu. Alama unayoidharau leo inaweza kukusubiri huko mbele.

1. Wasomaji wawili wa cheti chako

Msomaji wa kwanza ni chuo cha kati cha afya. Vyuo hivi husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Sifa ya kuingia katika uuguzi na ukunga ni kufaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, na ndani ya hayo manne lazima yawemo Biolojia, Kemia na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi. Kufaulu maana yake ni kupata D au zaidi. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza inayompa mwombaji nafasi nzuri zaidi.

Hapo ndipo wengi hupotea. Wakisikia neno "nyongeza" wanaelewa "si lazima", na wakielewa "si lazima" wanaitupa Hisabati kabisa.

Msomaji wa pili ni chuo kikuu. Muuguzi mwenye stashahada anayetaka shahada huomba kwa kufuata mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kwa shahada ya uuguzi, mwongozo umekuwa ukimtaka mwenye stashahada awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Pamoja na hiyo, anatakiwa awe na angalau D ya kidato cha nne katika masomo matano: Biolojia, Kemia, Fizikia, Hisabati na Kiingereza.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Muuguzi amesoma miaka mitatu, amefanya kazi wodini, ana wastani mzuri, anafungua fomu ya chuo kikuu, na swali linalomrudia ni lile la Hisabati ya kidato cha nne. Kama alipata F, itambidi arudi kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, huku ana zamu za usiku na labda ana mtoto. D moja unayoweza kuipata Novemba hii ni nafuu kuliko D hiyohiyo baada ya miaka saba.

2. Daraja na sifa si kitu kimoja

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, hupanga alama za kidato cha nne hivi:

A: 75 hadi 100, pointi 1
B: 65 hadi 74, pointi 2
C: 45 hadi 64, pointi 3
D: 30 hadi 44, pointi 4
F: 0 hadi 29, pointi 5

Daraja hutokana na pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 hadi 35 ni sifuri. Kadiri pointi zinavyokuwa chache ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri.

Sasa tazama watahiniwa wawili wa mfano, kila mmoja amefanya masomo tisa.

Mtahiniwa X: Kiswahili B, Biolojia C, Kiingereza C, Jiografia C, Uraia C, Historia D, Kemia D, Fizikia F, Hisabati F.
Masomo saba bora: 2 + 3 + 3 + 3 + 3 + 4 + 4 = pointi 22. Daraja la tatu.

Mtahiniwa Y: Kiswahili C, Biolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiingereza D, Jiografia D, Uraia D, Historia D, Hisabati D.
Masomo saba bora: 3 + 3 + 4 + 4 + 4 + 4 + 4 = pointi 26. Daraja la nne.

Ukiangalia daraja tu, X amemshinda Y. Lakini X hana Fizikia, kwa hiyo hana sifa ya kuomba uuguzi. Y anayo. Na Y akisoma vizuri chuoni, hata mlango wa shahada uko wazi kwake kwa sababu ana D katika masomo yote matano. F mbili za X hazikuonekana kwenye daraja kwa kuwa zilianguka nje ya masomo saba bora. Daraja lilizifunika, lakini cheti kinazionyesha.

Zingatia: mfano huu haukuambii uridhike na daraja la nne. Kutimiza sifa si sawa na kuchaguliwa. Nafasi za vyuo ni chache kuliko waombaji, hasa katika vyuo vya serikali, na mwenye C na B katika sayansi humtangulia mwenye D. Mfano unakuambia jambo lingine: usikimbilie kupandisha Kiswahili kutoka C kwenda B huku Fizikia inazama.

3. Kwa nini masomo haya na si mengine

Mwanafunzi akijua somo linakwenda kufanya kazi gani, hulisoma kwa moyo tofauti. Tazama kazi ya kawaida ya muuguzi katika hospitali kama Mwananyamala au Temeke, kisha jiulize ni somo gani linatumika.

Hisabati. Daktari ameandika mgonjwa apewe miligramu 250 za dawa ya maji. Chupa imeandikwa miligramu 125 katika kila mililita 5. Muuguzi anagawa 250 kwa 125, anapata 2, anazidisha kwa 5, anapata mililita 10. Huo ni uwiano wa kidato cha kwanza.

Dripu nayo ni hesabu. Maji ya mililita 500 yaingie kwa saa 4, na mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita. Zidisha 500 kwa 20, unapata matone 10,000. Saa 4 ni dakika 240. Gawa 10,000 kwa 240, unapata 41.7, yaani kama matone 42 kwa dakika. Ukikosea hapa, anayeumia ni mgonjwa.

Kemia. Dawa ya klorini ya kusafishia vifaa inauzwa ikiwa na nguvu ya asilimia 3.5, lakini inayotakiwa ni ya asilimia 0.5. Gawa 3.5 kwa 0.5, unapata 7. Ondoa 1, inabaki 6. Kwa hiyo unachanganya sehemu 1 ya klorini na sehemu 6 za maji. Mada ya myeyusho na ukolezi inatumika kila asubuhi wodini.

Fizikia. Chupa ya dripu hutundikwa juu kwa sababu mgandamizo wa kimiminika huongezeka kadiri kimo kinavyoongezeka. Maji yenye kimo cha mita 1 yana mgandamizo wa paskali 10,000 hivi: zidisha densiti 1,000 kwa kani ya mvutano 10 kwa kimo 1. Chupa ikishushwa chini ya mkono wa mgonjwa, damu inaweza kurudi kwenye mpira. Mashine ya kupimia shinikizo la damu nayo inasoma kwa milimita za zebaki, kipimo ulichokutana nacho katika mada ya mgandamizo.

Biolojia. Mzunguko wa damu, upumuaji, mmeng'enyo wa chakula, utoaji taka mwilini, homoni, uzazi, kinga ya mwili: mada hizi ndizo mlango wa kuingilia somo la anatomia na fiziolojia chuoni. Mwanafunzi aliyezikariri bila kuzielewa huzikuta tena mwaka wa kwanza, safari hii zikiwa ndefu mara tatu.

Kiingereza. Masomo ya chuo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na kumbukumbu nyingi za mgonjwa huandikwa kwa lugha hiyo. Asiyeweza kuandika aya tano zinazoeleweka atapoteza alama za jambo analolijua.

Hesabu haikuingia katika uuguzi juzi. Florence Nightingale, Mwingereza aliyefungua shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas jijini London mwaka 1860, alijulikana pia kwa takwimu. Baada ya vita vya Crimea alikusanya idadi ya vifo vya askari na kuonyesha kwa michoro kwamba wengi waliuawa na maradhi, si majeraha ya vita. Hesabu zake ndizo zilizosaidia kuwashawishi wakubwa wa serikali wabadilishe usafi wa hospitali za jeshi.

4. Sakafu kwanza, dari baadaye

Fundi hajengi dari kabla ya sakafu. Katika mpango wako, sakafu ni D iliyo salama katika masomo matano. Dari ni C, B na A. Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: jipime kwa ukweli. Chukua alama zako za mtihani wa utamilifu wa mkoa na za mtihani wa muhula. Andika masomo matano kwenye karatasi na alama ya kila moja. Somo lenye chini ya 40 liko hatarini hata kama limevuka 30, kwa sababu siku ya mtihani mtu hushuka kwa alama chache kutokana na wasiwasi, swali gumu au homa tu.

Hatua ya pili: lenga 40, usilenge 30. Anayelenga 30 huangukia 26. Anayelenga 40 akiteleza huangukia 34, bado amefaulu.

Hatua ya tatu: gawa alama 40 katika vipande. Karatasi za nadharia za Biolojia, Kemia na Fizikia katika miaka ya karibuni zimekuwa na sehemu A yenye alama 16, sehemu B yenye alama 54, na sehemu C yenye alama 30 ambapo unachagua maswali mawili kati ya matatu. Kwa Fizikia, mtu anayepata 10 katika sehemu A, 20 katika B na 10 katika C amefika 40. Ukiitazama hivyo, Fizikia si mlima tena, ni ngazi tatu.

Karatasi ya Hisabati imekuwa na maswali 10 ya alama 6 kila moja na maswali 4 ya alama 10 kila moja. Maswali matano ya sehemu A yakijibiwa yote kwa usahihi yanatoa alama 30. Ongeza swali moja la sehemu B, umefika 40. Chagua mada nane za kuzimudu kabisa kuliko kupapasa mada zote. Zinazolipa juhudi haraka ni seti, takwimu, vipeo na logariti, uwiano na asilimia, jiometri ya kuratibu, hesabu za biashara, matriki na mfululizo. Kila mada fanya maswali kumi ya mitihani iliyopita hadi mkono ujue njia.

Hatua ya nne: sakafu ikishakauka, panda. Biolojia na Kemia ndizo za kupandisha kwanza hadi C au B, kwa kuwa ndizo zinazokutofautisha na mwombaji mwenzako na ndizo utakazozikuta chuoni.

Usisahau mtihani wa vitendo. Wanafunzi wengi wa shule zenye maabara ndogo huuogopa, lakini maswali yake hujirudia kuliko ya nadharia. Majaribio ya kutambua wanga, sukari, protini na mafuta, kupima asidi kwa besi hadi rangi ibadilike, kutambua chumvi, pendulamu, springi na umeme wa Ohm: ukiyafanya mara tatu kwa mikono yako mwenyewe, si kwa kumtazama mwenzako, utakuwa mbele. Jifunze pia kuandika jedwali la matokeo lenye vipimo vyake. Alama nyingi hupotea kwa kuacha kuandika kipimo.

Kitabu kimoja ambacho wengi hawakitumii ni Taarifa ya Uchambuzi wa Majibu ya Watahiniwa inayotolewa na NECTA kwa kila somo. Humo kila swali limeelezwa: wangapi walifaulu, walikosea wapi, na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Anayesoma mitihani iliyopita anajua kilichoulizwa. Anayesoma taarifa hii anajua pia kinachowaangusha wenzake.

5. Ratiba ya mtu anayeishi hapa

Ratiba nyingi za kwenye vitabu zimeandikwa kana kwamba mwanafunzi ana chumba chake, meza yake na jioni tulivu. Mwanafunzi wa Tandale, Mwananyamala Kisiwani au Mbagala anajua hali ilivyo: nyumba ya wapangaji, redio ya jirani, joto, umeme unakatika, na kazi za nyumbani zinasubiri. Anayetoka Bunju kwenda shule Magomeni hutumia saa nyingi barabarani kwa wiki. Panga kwa hali uliyonayo.

Asubuhi, kuanzia saa 10 hadi saa 12, nyumba imetulia na joto limepungua. Weka hapo Hisabati na Fizikia, kwa kuwa zinahitaji kichwa kilichopumzika. Ukitaka kuamka saa 10, lala saa 4 usiku. Anayekesha hadi saa 8 kisha akasinzia darasani hajaongeza muda, ameuhamisha tu.

Ndani ya daladala husomi kitabu, kwa sababu umesimama na umebanwa. Tengeneza kadi ndogo: upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Kanuni za Fizikia, alama za elementi, viungo na kazi zake. Kadi kumi kwa safari moja ni kadi mia kwa wiki ya shule.

Baada ya masomo, baki shuleni saa moja na nusu na wenzako watatu au wanne, si kumi. Kila mmoja afundishe mada moja ubaoni. Ukishindwa kumweleza mwenzako jinsi figo inavyochuja damu, hujaielewa bado. Kwa njia hii hata asiye na fedha za tuisheni anapata mwalimu.

Zungumza na wazazi au walezi mapema. Waambie kwa heshima: "Mama, mtihani uko Novemba. Naomba kazi za jioni nizimalize kabla ya saa 1, ili nipate saa mbili za kusoma." Wasichana hasa hubeba mzigo mkubwa wa kupika, kufua na kulea wadogo. Mzazi aliyeonyeshwa ratiba iliyoandikwa na kubandikwa ukutani huielewa kuliko anayeambiwa tu "nataka kusoma".

6. Ndani ya chumba cha mtihani

Karatasi ya nadharia ya sayansi ina saa 3 kwa alama 100, yaani chini kidogo ya dakika 2 kwa kila alama. Tumia dakika 25 kwa sehemu A, dakika 90 kwa sehemu B, dakika 50 kwa sehemu C, na bakiza dakika 15 za kukagua. Katika Hisabati, swali la alama 6 lisizidi dakika 10, na la alama 10 lisizidi dakika 17. Swali likikukwamisha, liwekee alama, songa mbele.

Soma neno la kuagiza. Ukiambiwa utaje, orodhesha bila hadithi. Ukiambiwa ueleze, kila hoja iwe na sababu yake. Ukiambiwa utofautishe, linganisha jambo kwa jambo. Usiandike aya moja ya kitu cha kwanza na nyingine ya kitu cha pili bila kuvikutanisha.

Onyesha njia. Katika Hisabati na Fizikia njia sahihi ina alama hata kama jibu la mwisho limekosewa. Jibu tupu lililokosewa halina kitu.

Usiache nafasi wazi katika sehemu A. Swali la kuchagua lililoachwa lina sifuri ya uhakika.

7. Ukishafika chuoni: jinsi wastani unavyopatikana

Chuoni hakuna daraja, kuna GPA. Kila moduli ina krediti, yaani uzito wake. Katika ngazi ya stashahada, A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2 na D ina 1. Pointi huzidishwa kwa krediti, zote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa jumla ya krediti.

Tuchukue muhula wa mfano wenye moduli tano:

Moduli ya kwanza, krediti 15, C: 15 × 2 = 30
Moduli ya pili, krediti 15, C: 15 × 2 = 30
Moduli ya tatu, krediti 8, B+: 8 × 4 = 32
Moduli ya nne, krediti 6, B: 6 × 3 = 18
Moduli ya tano, krediti 6, A: 6 × 5 = 30
Jumla: pointi 140, krediti 50. GPA ni 140 ÷ 50 = 2.80.

Mwanafunzi huyu ana A moja na B+ moja, lakini hajafika 3.0. Akipandisha moduli ya nne kutoka B hadi B+, jumla inakuwa 146 na GPA 2.92. Bado. Akipandisha moduli ya kwanza kutoka C hadi B, jumla inakuwa 155 na GPA 3.10. Amevuka. Hatua moja katika moduli nzito imefanya kazi ambayo hatua moja katika moduli nyepesi haikuweza. Kwa hiyo siku ya kwanza ya muhula uliza krediti za kila moduli, na gawa muda wako kwa uzito huo.

Jambo la pili: wastani ni rahisi kuulinda na ni mgumu kuufufua. Anayeanza muhula kwa kuchelewa, akakosa majaribio mawili na kazi za wodini, hufika mtihani wa mwisho akiwa na deni. Usisubiri mtihani wa mwisho ukuokoe.

Jambo la tatu: mtihani wa vitendo chuoni hufanyika kwa vituo. Unapita kituo kimoja hadi kingine, unapewa dakika chache uoshe mikono, upime joto, ufunge kidonda au ueleze dawa. Hapo kukariri hakusaidii. Anayejizoeza kwa mpangilio uleule kila siku wodini hufanya mtihani bila kujua kama ni mtihani.

Baada ya masomo kuna hatua nyingine: usajili na leseni chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kuhudumia wagonjwa.

8. Kuomba chuo bila kutapeliwa

Maombi ya programu za afya hufanyika kwa mfumo wa mtandao unaosimamiwa na NACTVET, kwa kutumia namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Kabla ya kulipa chochote, fungua mwongozo wa udahili wa mwaka wako uhakikishe mambo matatu: chuo kimesajiliwa, programu unayoitaka imeidhinishwa, na ada iliyoandikwa ndiyo unayoambiwa. Miongozo ya NACTVET na TCU hutolewa kila mwaka, na vigezo huweza kubadilika. Usitegemee karatasi ya kaka yako ya miaka mitatu iliyopita.

Jihadhari na mtu anayekuambia "nina nafasi chuoni, nitumie pesa kwa simu". Nafasi haiuzwi mtaani. Na kama huna D ya Fizikia, hakuna mtu wa kati anayeweza kukupa sifa usiyokuwa nayo. Ukimlipa, utasoma muhula mmoja kisha uhakiki wa vyeti utakuondoa, na ada haitarudi.

Andaa mapema cheti cha kuzaliwa. Majina yake yalingane na yale uliyojisajili nayo kwa mtihani, herufi kwa herufi. Kasoro ndogo ya jina huchelewesha maombi kwa wiki nyingi.

Na matokeo yakija na F katika moja ya masomo matano, usikate tamaa wala usijifiche. Unaweza kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Utapoteza mwaka mmoja. Ni hasara, lakini ni ndogo kuliko kusoma fani usiyoitaka au kukwama baadaye ukiwa kazini.

Maswali ya kujipima

1. Mtahiniwa amepata: Kiswahili B, Biolojia B, Uraia C, Kemia C, Kiingereza C, Jiografia C, Fizikia D, Hisabati D, Historia F. (a) Ana pointi ngapi na daraja gani? (b) Je, F ya Historia inamzuia kuomba uuguzi?

2. Dripu ya mililita 1,000 inatakiwa iingie kwa saa 8. Mpira unatoa matone 15 kwa mililita. Ni matone mangapi kwa dakika?

3. Una klorini ya asilimia 5. Utachanganya na sehemu ngapi za maji kupata asilimia 0.5?

4. Mwanafunzi wa stashahada ana moduli tatu: krediti 12 amepata B, krediti 10 amepata C, krediti 8 amepata B+. (a) GPA yake ni ngapi? (b) Itakuwa ngapi akipata B+ katika moduli ya krediti 12?

Majibu

1. (a) 2 + 2 + 3 + 3 + 3 + 3 + 4 = pointi 20, daraja la pili. (b) Hapana. Masomo yote matano ya njia ya uuguzi amefaulu, na Historia haimo kati yake.

2. 1,000 × 15 = matone 15,000. Saa 8 ni dakika 480. 15,000 ÷ 480 = 31.25, yaani kama matone 31 kwa dakika.

3. 5 ÷ 0.5 = 10; 10 − 1 = 9. Sehemu 1 ya klorini kwa sehemu 9 za maji.

4. (a) 36 + 20 + 32 = 88; 88 ÷ 30 = 2.93. Hajafika 3.0. (b) 48 + 20 + 32 = 100; 100 ÷ 30 = 3.33. Amevuka.

Ukikosa swali la 2 au la 3, rudi sehemu ya 3 ya sura hii leo hii, kabla hujafungua mada nyingine.